Jibu la Ardhi Ngumu

Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe gizani. Ting. Kikanyamaza. Kikagonga tena.

Mshona maturubai alikuwa macho hata kabla ya mlio wa kwanza. Mama mkwe wake akiwa na amani hukoroga chai bila hata kikombe kujua kwamba kimekorogwa. Akiwa na neno moyoni, kijiko humsemea. Na asubuhi hiyo, dirisha likiwa halijaanza hata kuwa la kijivu, kijiko kilikuwa na mengi ya kusema.

Mshona maturubai akajigeuza kitandani polepole. Mwili mzima ulikuwa kama umetwangwa kwenye kinu. Mabega yalichubuliwa na mikanda ya gari, shingo ilikaza, viganja vilikuwa na malengelenge ya kusukuma. Alipomeza mate alisikia mchanga ukisagika kati ya meno, na jana jioni alikuwa ameoga mpaka maji ya ndoo yakaisha. Jangwa lilikuwa limehamia ndani yake bila kupiga hodi.

Pembeni yake binti yake wa miaka sita alilala kwa kujinyoosha, miguu juu ya tumbo la mama. Mtaani wanamwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa mdomo wake. Mama akaiondoa ile miguu mmoja mmoja, akaifunika shuka.

"Najua huna usingizi," sauti ikaja kutoka jikoni. "Njoo unywe chai kabla haijapoa, Mama Sindano."

Mama Sindano. Siku nyingine huitwa mwanangu. Akavuta pumzi, akatoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

Akakaa. Mama mkwe alikuwa ameshavaa, amejifunga kitambaa chake kichwani, mgongo umenyooka. Miaka yote ya kazi yake alifua na kukunja mashuka ya hospitali, na mpaka leo, mwaka wa tatu tangu astaafu, hakuna kitu ndani ya nyumba hiyo kilichokaa upande. Hata huzuni aliikunja vizuri. Mwanawe wa pekee alipofariki kwa maradhi, Sindano alikuwa hajaanza kutembea. Mkwe na mkamwana walibaki chini ya paa moja, na hakuna aliyemwuliza mwenzake kama atabaki.

"Jana mlirudi mnavutwa kwa kamba kama mbuzi wa sadaka," mama mkwe akasema. "Mtaa mzima umewaona."

"Tairi zilipasuka, mama. Mbili kwa mpigo."

"Na zikipasuka huko, wewe na mwanaume asiye mumeo, katikati ya mchanga, mnafanya nini?"

"Tunabadilisha tairi."

"Hm."

"Tunakunywa maji. Tunagombana. Halafu tunangoja lori la waandaaji lituvute, tukiwa tumenuniana."

Mama mkwe karibu acheke. Akakificha kicheko ndani ya kikombe.

"Wananiuliza, mkamwana wako anafanya nini kwenye mbio za magari? Nawaambia, anamsomea dereva njia. Wananiambia, njia gani, si jangwa lile? Nakosa la kujibu."

"Hata mimi jana nilikosa, mama."

Mama mkwe akaanza kufuta meza kwa kiganja, mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kufuta.

"Huyo dereva wako, Taratibu, anakutaka. Usinitolee macho, sijazaliwa jana. Mwanaume hamjengei mtu gari miaka miwili kwa kupenda grisi. Sasa nisikilize. Wewe bado kijana, sikufungi kamba. Ukitaka kwenda, nenda. Lakini utakwenda wewe. Mtoto wa mwanangu hatoki humu."

Aliyasema bila kupandisha sauti, ndiyo maana yalichoma. Mshona maturubai akainama kwenye chai yake. Ilikuwa na sukari kama anavyoipenda. Hilo nalo likamuumiza.

*

Alikwenda gereji kwa miguu. Kulikuwa kunapambazuka, milango ya chuma ya maduka bado imefungwa. Siku ya mwisho ya mbio ilikuwa inaanzia kwenye uwanja ulio nyuma ya gereji yao. Magari makubwa, yale yenye wadhamini na mafundi waliovaa sare, yangetangulia. Timu za ridhaa zingefuata. Na nyuma ya zote, kwa sababu ya kamba ya jana, wao wawili.

Ilikuwa imeanza kama utani. Fundi breki na mshona maturubai, vibanda vyao vinatazamana, waliitoa pikapu mbovu kwenye rundo la vyuma chakavu ili kuona nani atakata tamaa kwanza. Hakuna aliyekata. Kila jioni baada ya kazi yeye alishona na mwenzake alifungua na kufunga, mpaka watu wakaanza kuja kuwachungulia. Walipojiandikisha, gereji nzima ilicheka hadi wakashikana mabega. Dereva wa mbio anaitwa Taratibu! Tena fundi wa breki! Mtu ambaye maisha yake yote kazi yake ni kusimamisha magari!

Lakini alikuwa anaendesha vizuri. Alikuwa na mkono mtulivu. Na anapomsikiliza msoma njia wake, kichwa hukiinamisha kidogo kuelekea kwake, kama mtu anayesikiliza redio ndogo yenye habari njema. Kwa ajili ya kile kichwa kilichoinama, mshona maturubai alikuwa amevumilia joto, vumbi na maneno ya mtaa.

Sasa jana.

Mchanga una sheria zake. Ukifika ukingoni mwake unasimama, unatoa upepo kwenye tairi mpaka zilegee, zitambae juu ya mchanga badala ya kuchimba. Ukitoka upande wa pili, kwenye ardhi ngumu na mawe, unasimama tena na kujaza. Usipojaza, mawe yanazila. Dereva macho yake yako mbele, msoma njia ndiye anayesema "simama." Hawakuwahi kukosea hilo, hata siku walizokuwa wakifanya mazoezi wanasinzia.

Jana, ukingoni mwa mchanga, walipiga magoti kila mmoja kwenye tairi lake. Upepo ulikuwa unatoka, fsss. Taratibu alikuwa amekodolea macho kipima upepo kana kwamba ndicho anachozungumza nacho.

"Nikikuomba tukae pamoja," akasema, "wewe, mimi na Sindano. Kihalali. Utasemaje?"

Moyo wa mshona maturubai uliruka. Uliruka kweli, kama wa msichana. Halafu akakumbuka mgongo ulionyooka jikoni, na moyo ukarudi chini.

"Acha tupite mchanga kwanza," akamjibu. "Nitakujibu tukifika ardhi ngumu."

Walipita. Kilima baada ya kilima, jua likiwachoma, yeye akitaja kulia na kushoto kwa sauti iliyokauka. Mwishowe akaiona ardhi mbele inabadilika rangi, inakuwa nyeusi kwa mawe. Neno lilikuwa mdomoni. Simama. Neno lenyewe fupi, kila siku alikuwa akilisema.

Akatazama dira. Akasema, "Nyoosha."

Na Taratibu akanyoosha.

*

Alimkuta Taratibu chini ya pikapu, miguu tu iko nje. Soksi moja ilikuwa imetoboka kwenye kidole.

"Umelala?" akamwuliza.

"Nilifumba macho kidogo," miguu ikajibu.

"Hiyo si kulala."

"Na wewe?"

"Mimi hata kufumba sikufumba."

Akajivuta nje, akakaa kwenye sakafu ya saruji akiegemea gurudumu. Macho yalikuwa mekundu, nywele nyeupe kwa vumbi. Alionekana mzee wa miaka sabini aliyekopeshwa mikono ya kijana. Tairi mbili za kuazima zilikuwa zimeshafungwa, hazifanani na zile nyingine wala zenyewe kwa zenyewe.

"Zitafika?" mshona maturubai akauliza.

"Zikisemeshwa vizuri."

Hakuna aliyecheka. Akakaa naye chini, mbali kidogo, spana zikiwa katikati yao. Walikuwa wamechoka namna ambayo hata kununa kunahitaji nguvu.

"Sema tu," mshona maturubai akasema hatimaye. "Sema nimetuharibia. Jana ulinyamaza njia nzima kwenye ile kamba. Mimi ndiye wa kusema simama. Sikusema. Basi nitukane, tumalize."

"Sikutukani."

"Bora ungenitukana!"

"Unataka nikutukane kwa nini? Kwa kukosea?" Akageuka, akamtazama usoni. "Hukukosea. Msoma njia anayekosea anashtuka. Wewe hukushtuka. Uliyaona mawe, ukageuza uso."

Mshona maturubai akahisi masikio yanapata moto. "Na wewe je? Huna macho? Mawe makubwa kama vichwa vya ng'ombe, hukuyaona?"

Taratibu akaokota spana, akairudisha pale pale.

"Nakuuliza, Taratibu. Hukuyaona?"

"Niliyaona kabla yako."

"Eti?"

"Niliyaona kabla yako. Nikakanyaga mafuta." Akachukua kitambaa, akaanza kufuta vidole ambavyo havingetakata leo wala kesho. "Ulivyolinyamazia ombi langu kwenye mchanga wote ule, nikajua huyu anatafuta namna ya kunikataa bila kuniumiza. Tukisimama, nitakataliwa. Nikaona heri tairi."

"Heri tairi."

"Miaka yote nawagombeza wenye magari. Nawaambia, breki zikianza kulika, msingoje mpaka chuma kikutane na chuma. Halafu mimi mwenyewe..."

Hakumaliza. Mshona maturubai alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili, mabega yanatikisika, na Taratibu hakujua kama ni kicheko au kilio mpaka alipoona machozi yakichora mistari kwenye vumbi la mashavu. Yalikuwa yote mawili.

"Watu wazima wawili," akasema akifuta pua. "Tunalikimbia neno moja kwa gari."

"Basi niambie sasa. Hapa ni saruji. Hakuna ardhi ngumu kuliko hii."

"Sikutaka kusema hapana."

Alikiona kifua cha mwenzake kikisimama.

"Sikutaka kusema hapana," akarudia, "na ndiyo siwezi. Jana niliogopa atakavyosema mama, na leo alfajiri amesema: nikienda, niende peke yangu. Sindano anabaki. Na usidhani ni mbaya yule. Nilipofiwa nilikuwa siwezi hata kujifunga nguo; alinilisha kwa kijiko kama mtoto, na yeye ndiye aliyekuwa amezika. Nitamtokaje? Nitamwacha mwanangu? Nitamnyang'anya? Nimeligeuza hili neno usiku kucha, kila upande lina mwiba."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niseme nini? Kwamba nakupenda lakini nina mama mkwe?"

Neno lilikuwa limeshatoka. Likakaa pale kati ya spana. Taratibu akalitazama, na polepole uso wake uliochoka ukafunguka. Hakutabasamu sawasawa, ila kitu fulani kilimlegea kwenye paji la uso.

"Lile la mwanzo," akasema, "sijalisikia vizuri. Injini za uwanjani."

"Umelisikia."

"Nimelisikia." Akainuka, magoti yakilia, akampa mkono. "Twende."

"Uwanjani?"

"Kwenu. Tukamwulize mama."

Akabaki na mkono wake umeshikwa, hajainuka. "Sasa hivi? Wewe una wazimu? Wameshaanza kupanga foleni!"

"Sisi ni wa mwisho."

"Na wa mwisho ana zamu yake. Ikipita imepita. Miaka miwili, Taratibu! Miaka miwili grisi haijakutoka kwenye kucha!"

"Najua. Kucha ni zangu." Sauti yake haikuwa na haraka yoyote. "Jana tuliingia na neno kifuani, likala tairi. Leo kuna makorongo. Nikiingia nalo tena nitakuua, halafu nitamwambia nini Sindano? Gari lenye hitilafu mimi siliachii barabarani hata mwenyewe akilia. Twende."

*

Waliegesha pikapu mlangoni, na namba yao ya mashindano ubavuni, na majirani wakapata cha kutazama. Jua lilikuwa limechomoza. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake barazani, shuka lililokauka mapajani, analikunja pembe kwa pembe. Hakuinuka.

"Shikamoo, mama," Taratibu akasema.

"Marahaba," akalijibu lile shuka.

Hakukaribishwa. Basi akakaa kwenye ngazi, ile ya chini kabisa, suruali yake ya grisi isiguse mahali palipopigwa deki. Mshona maturubai akabaki amesimama katikati, hajui aende upande gani.

"Si mna mbio nyinyi?" mama mkwe akauliza.

"Tunazo."

"Mbona mmekaa?"

"Nina ombi, mama. Nikishaomba, zitakuwa zinatungoja au hazitungoji."

Mikono iliyokuwa ikikunja ikasimama. "Kama umekuja kumwomba huyu, mimi si baba yake. Mwombe mwenyewe."

"Ameshaniomba," mshona maturubai akasema. Sauti ilimtoka nyembamba, akaikaza. "Na jibu langu ni ndiyo, mama. Nalisema mbele yako kwa sababu siwezi kulisema nimekupa mgongo. Lakini kama maana yake ni kumwacha Sindano, au kukuacha wewe, basi nitalirudisha. Nitalimeza. Na litanikaa hapa kooni mpaka nife, ujue hivyo."

Mama mkwe akalipeleka shuka kifuani. Ghafla alionekana mdogo kwenye kile kiti.

"Nilizaa mmoja tu," akasema, na hakuwa anamwambia yeyote. "Huyu mtoto anacheka kama yeye. Anapanda kitandani kwangu asubuhi na miguu ya baridi, kama yeye. Mnamchukua, mnanipangia siku za kuja kumtazama, Jumapili hadi Jumapili. Mimi nitabaki kukunja shuka la nani? Kuta zinataka shuka?"

Taratibu alikuwa anatazama viganja vyake.

"Mama, mimi sikuja kutoa mtu," akasema mwishowe. "Nina chumba kimoja nyuma ya gereji, kinanuka petroli, simpeleki mtoto kule. Kama kuna nafasi hapa, mimi ndiye nitakayehama."

Mama mkwe akamgeukia kwa mara ya kwanza. "Uhamie hapa? Kwa mama wa marehemu?"

"Ndiyo."

"Mwanaume mzima? Watakucheka mpaka wakae chini!"

"Wameshanicheka, mama. Mimi ni fundi breki ninayeshindana mbio, na jana nimerudi kwa kamba."

Kitu kikamcheza mama mkwe pembeni mwa mdomo. Akakibana.

"Paa la jikoni linavuja," akasema kwa ukali.

"Namfahamu mtu anayeshona maturubai."

"Na mimi sipendi kelele alfajiri."

"Mimi mwenyewe huamka kwa shida."

Akarudi kwenye shuka lake. Akalikunja mara moja, akalikunjua, akalikunja upya, na mshona maturubai, aliyemjua kuliko alivyomjua mama yake mzazi, akaona zile pembe hazikukutana. Huko uwanjani injini zikaanza kunguruma, moja, halafu nyingi kwa pamoja, magari makubwa yakitangulia. Taratibu hakugeuza hata kichwa. Uchovu wa siku zote ukamjia mshona maturubai kwa mkupuo mmoja. Akajiona anaweza kulala pale pale akiwa amesimama. Alikuwa amesema lake, na sasa lilikuwa mikononi mwa mwanamke mwenye shuka.

Mlango ukalia. Sindano akatoka, macho bado yameshikana na usingizi, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Akamtazama mama yake aliyesimama. Akaitazama pikapu. Akamtazama yule mtu wa vumbi aliyeinama kwenye ngazi ya chini, akamtazama kwa muda, kisha akamgeukia mwenye nyumba.

"Bibi, fundi hajapewa kiti."